Jina halikauki: stori ya neno "carr"

Wasee, kuna neno la Kizungu ambalo hatukufunzwa shule: carr. Si gari, hesabu hizo r mbili. Carr ni msitu unaomea kwenye kinamasi. Matete yanaanza, yanaoza, yanarundikana mpaka udongo unainuka kidogo, kisha miti inayopenda maji, kama alda, inashika mizizi. Ukiingia huko, viatu umepoteza.

Sasa, neno lenyewe Waingereza walilipata kwa wageni. Mwaka wa 865 jeshi kubwa la Waviking lilitua Uingereza, na 866 likateka York. Baadaye wengi wao walitulia wakawa wakulima, na kinamasi chenye vichaka wakakiita kjarr. Hata window ni yao: vindauga, yaani jicho la upepo. Kwa hivyo mtu akikuchekea ati unachanganya lugha, mwambie Kizungu chenyewe ni mchanganyiko.

Angalia ramani ya kaskazini mwa Uingereza, utapata hilo neno kila mahali. Redcar, kwa mfano, huenda maana yake ni kinamasi cha matete, na leo ni mji. Carr nyingi zilichimbwa mitaro, maji yakatolewa, watu wakalima. Jina tu ndilo lilibaki.

Na hapo ndipo inauma. Kuna mahali panaitwa Star Carr, karibu na Scarborough. Watu waliishi hapo kando ya ziwa miaka kama 11,000 iliyopita. Kati ya 1949 na 1951, Grahame Clark alichimbua hapo mafuvu 21 ya kulungu yenye pembe, yametobolewa kama ya kuvaliwa kichwani. Kilichoyatunza miaka hiyo yote ni matope yenye maji. Lakini mashamba yalipokaushwa, udongo ukageuka kuwa na asidi, na wachimbaji waliorudi miaka ya karibuni wakapata mifupa mingine imelainika kama jeli. Yaani kinamasi ndicho kilikuwa kabati, na sisi binadamu tukakivunja.

Ndiyo maana mimi siamini jina la mahali ni pambo. Ni ujumbe kutoka kwa mtu aliyeloa miguu hapo kabla yako. Hata Nairobi ni jina la maji, maji baridi kwa Kimaasai. 2024 mafuriko yalipobeba nyumba za watu kando ya mito yetu, tulishangaa nini? Jina lilikuwa limeshasema.