Tari na Mpira wa Magongo

Ukilitaja neno gongo hapa Peramiho, msikilizaji wako aghalabu hukumbuka moja ya mambo mawili: ama ile pombe kali ipikwayo kwa siri, ambayo mnywaji wake hutazama nyuma kwanza kabla ya kukiri kuwa aijua, ama rungu la babu yake Mngoni, lililokuwa pamoja na ngao na mkuki mfupi katika mikono ya vikosi vilivyotoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19 na kuitamalaki nchi hii. Lile la tatu, yaani gongo lililopindwa ncha ambalo watu huchezea mpira, halimjii moyoni kabisa, ingawa mchezo huo uliwahi kuipa Afrika Mashariki sifa duniani kabla mwanariadha wetu yeyote hajavishwa nishani ya Olimpiki.

Jawabu la jambo hili, kwa rai yangu, ni kwamba mchezo husafiri ndani ya mizigo ya watu, na watu waliouchukua mchezo huo hawakupita njia ya Ungoni. Waliokuja hapa mwaka 1898 ni watawa Wabenedikto chini ya Padri Cassian Spiss. Na katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 Spiss huyo, ambaye alikuwa amekwisha kuwa askofu, aliuawa akiwa safarini, na misheni yake ikateketezwa kwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi wakawanyonga wakuu wa Wangoni mjini Songea, na rungu likawekwa darini. Baada ya hapo Peramiho ilijengwa upya kwa matofali, kwa shule, kwa hospitali na kwa mtambo wa kupiga chapa vitabu. Walakini reli haikufika, na pasipo reli hawakufika kwa wingi wale mafundi na makarani ambao nataka kuwasimulia.

Kabla ya kuwafikia, niruhusiwe kupitia kisiwa cha Ireland, kwani huko magongo yana heshima kuliko mahali pengi. Mchezo wao huitwa hurling: watu 15 kila upande, magongo ya mti wa ash yaliyotanuka nchani, na kijimpira ambacho hupigwa kingali hewani kwa kasi ya kumtia hofu mtazamaji mgeni. Mwaka 1884, katika mji wa Thurles, Michael Cusack na wenzake walianzisha chama cha kuihuisha michezo ya asili yao, kwa kuwa hawakuridhika kuwaona vijana wao wakiiga ya Waingereza. Katika chama hicho hapakuwa na mshahara wa mchezaji. Na Christy Ring wa Cork, aliyezaliwa mwaka 1920 na ambaye wengi humhesabu kuwa bingwa wa mabingwa, alitwaa ubingwa wa Ireland nzima mara 8 ilhali riziki yake aliipata kwa kuendesha lori la mafuta.

Wahindi walifuata njia iliyo kinyume na hiyo. Wao waliupokea mpira wa magongo kutoka kwa Waingereza wenyewe, katika kambi za askari na mashule, kisha wakaujua kuliko waliowafundisha, hata wakatwaa dhahabu ya Olimpiki mara 6 mfululizo tangu 1928 hadi 1956. Na ile ya 1948 waliitwalia London kwa kuwafunga Waingereza magoli 4 kwa bila, mwaka mmoja tu baada ya bendera ya mtawala kuteremshwa Delhi. Nadhani Cusack, lau angaliishi kuiona siku ile, angalicheka sana.

Ni watu wa Bara Hindi, takriban 32,000, walioletwa kuijenga reli itokayo Mombasa kwenda Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Wengi wao walirudi kwao, wengine walikufa kwa maradhi na kwa simba wa Tsavo, na waliobaki, pamoja na wenzao waliowafuata, wakawa mafundi wa chuma, maseremala na waashi. Miongoni mwao walikuwamo Masinga wa Punjab, ambao watu wetu wamewaita Makalasinga, jina litokanalo, yasemekana, na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kala Singh. Wagoa nao wakashika kalamu katika ofisi za serikali na za reli. Kwa vile utawala ule uliwagawa watu kwa rangi katika makazi, mashule na hospitali, kila jamaa ilijijengea klabu yake na uwanja wake, na ushindani wa klabu hizo za Nairobi kila mwisho wa juma, bighairi ya kukusudia, ukawa chuo cha mchezo kisicho na mfano barani Afrika.

Katika chuo hicho ndimo alimotoka Avtar Singh Sohal, aliyezaliwa mwaka 1938, na ambaye watu wote walimwita Tari. Jina hilo kwetu ni la kile kigoma cha kupigia kasida, lakini yeye hakuwa mtu wa kelele: alikuwa beki, na beki mwema ni yule ambaye kazi yake haionekani mpaka siku anapokosekana. Alianza kuichezea Kenya mwaka 1957, akaenda Roma mwaka 1960 chini ya bendera ya mkoloni. Kisha mwaka 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, akaiongoza timu ya taifa kule Tokyo akiwa nahodha, ikapata nafasi ya 6 ulimwenguni. Naona ajabu ya jambo hili haijasemwa vya kutosha. Katika Michezo ile ile ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza kabisa, nchi iliyotoka jana katika ubaguzi wa rangi iliwakilishwa na nahodha mwana wa Wapunjabi.

Akawa nahodha tena Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, na alipoacha alikuwa amekwisha kuichezea nchi yake mara 167, hesabu ambayo kwa zama zile ilimwingiza katika kitabu cha Guinness. Kilele cha kizazi chake kilikuwa Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971: Kenya ilifika nusu fainali, ikashindwa na Hispania, ikashindwa tena na India, ikashika nafasi ya 4 duniani.

Walakini msingi ulikuwa umekwisha kumomonyoka. Sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwatia Wahindi wa Kenya wasiwasi, nao wakaanza kuondoka kwa makundi kwenda Uingereza na baadaye Kanada, na mabeki na washambuliaji wakaondoka pamoja na wazazi wao. Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani timu yake ya magongo ilicheza Munich katika majuma yale yale ambayo Idi Amin alikuwa amewapa Wahindi siku 90 wawe wametoka. Kisha mwaka 1976, mataifa ya Afrika yalipogomea Michezo ya Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, mpira wa magongo ulichezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki juu ya nyasi za bandia, zulia ambalo gharama yake nchi maskini hazikuimudu.

Nasi Watanzania tuliuonja mchezo huo wa Olimpiki. Moscow, mwaka 1980, mataifa mengi yalipojitoa, Kenya ikiwamo, nafasi zilizobaki wazi zikatufikia, na India ikatufunga magoli 18 kwa bila. Hapa Peramiho, Moscow hukumbukwa kwa nishani za fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, wala simlaumu mtu kwa kuchagua kukumbuka hizo.

Tari hakuhama. Alibaki Kenya akawa mwalimu wa mchezo, na timu aliyoiacha ikabadilika sura, majina ya Kiluhya na Kijaluo yakiongezeka mwaka hata mwaka mahali pa yale ya Kipunjabi na Kigoa. Timu hiyo ikaenda Los Angeles mwaka 1984, na Seoul mwaka 1988, na tangu hapo wanaume wa Kenya hawajarudi tena Olimpiki kwa magongo.