Bandi Isiyofumuliwa: Muziki wa Filamu Moja Ndani ya Nyingine

Katika filamu ya Alien, iliyotolewa Marekani mwaka 1979, mna mahali ambapo damu ya kiumbe cha ajabu, iliyo kali kama tindikali, inatoboa sakafu ya merikebu ya angani, sitaha moja baada ya nyingine, nao mabaharia wanashuka mbiombio kuifuata kwa hofu isije ikatoboa hata ubavu wa chombo. Na muziki unaosikika wakati huo, muziki wa wahaka na giza, haukutungwa kwa ajili ya merikebu hiyo wala damu hiyo. Ulitungwa kwa filamu ya mwaka 1962 iitwayo Freud, ya John Huston, iliyosimulia habari za tabibu wa Vienna aliyechungua ndoto na siri za nafsi.

Aliyeutunga ni Jerry Goldsmith, naye ndiye aliyeajiriwa kuitungia Alien muziki mpya, na hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Ada ya watengenezaji filamu ni kwamba mhariri, anapounganisha picha ilhali mtunzi hajaandika hata noti moja, huazima muziki uliokwisha kurekodiwa, akaulaza chini ya picha ili mwongozaji apate kuonja mwendo wa hadithi, kama fundi cherahani apigavyo bandi kwenye kanzu ili mwenyewe aijaribu mwilini kabla ya mshono wa kudumu kupita. Bandi hufumuliwa. Lakini mwongozaji Ridley Scott na mhariri Terry Rawlings walikuwa wameizoea lahani ya Freud, na Goldsmith alipoleta kazi mpya, aliyoitunga kwa picha zile zile, sehemu zake kadhaa zilihamishwa, nyingine zikaachwa, na ile ya zamani ikasalia mahali pake. Na mwishoni kabisa, ilipopasa lahani yake ya kuagia isikike, ikawekwa simfoni ya pili ya Howard Hanson, ya mwaka 1930. Goldsmith hakuficha kwamba jambo hilo lilimuudhi. Sikatai kwamba muziki wa Freud wafaa pale ulipowekwa. Wafaa, lakini sikio likishazoea kitu haliwi tena kadhi mwadilifu wa kile kinacholetwa baada yake.

Kuazima kwenyewe si jambo la jana. Mwaka 1935 Franz Waxman, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, aliitungia kampuni ya Universal muziki wa Bride of Frankenstein, na mwaka uliofuata vipande vyake vikaingia katika Flash Gordon, hadithi ya sehemu 13 kuhusu vita vya sayari ya mbali. Muziki ulikuwa mali ya kampuni, ulikwisha lipiwa, na filamu za namna hiyo zilitengenezwa kwa haraka na kwa fedha haba. Hapo sioni lawama kubwa, maana hapakuwa na mtunzi aliyeitwa, akafanya kazi, kisha kazi yake ikatupwa kando.

Alex North ndiye aliyetendwa hivyo kabla ya Goldsmith, na kwa ukali zaidi. Aliitungia muziki filamu ya 2001: A Space Odyssey, mwongozaji wake Stanley Kubrick akaamua kubaki na muziki wa bandi, wa Richard Strauss, Johann Strauss na Ligeti, wala North hakupata habari mpaka alipoketi New York mwaka 1968 kuitazama filamu, asisikie noti yake hata moja. Goldsmith, aliyemheshimu mno, ndiye aliyeiongoza okestra ya National Philharmonic hata muziki ule uliokataliwa ukarekodiwa na kutolewa mwaka 1993, miaka 2 baada ya North kufariki.

Goldsmith mwenyewe alifariki mwaka 2004, na mwaka 2007 muziki wake wote wa Alien ukatolewa kama alivyoutunga. Mwenye nafasi na autafute, ausikilize hadi ile lahani ya kuagia, ambayo waliokwenda kuitazama filamu mwaka 1979 hawakuisikia.