Bei ya Nyumba ya Baba

Mwaka juzi, siku chache baada ya hitima ya mama, tulikaa barazani Magomeni watoto watatu wa tumbo moja: mimi niliye mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na mdogo wetu wa kike. Dalali alikwisha kuleta mteja wa shilingi milioni 180. Mdogo wetu wa kike, ambaye ni mjane na amepanga vyumba viwili Tandale, alitaka tuuze. Wa kiume alikataa katakata.

"Kaka," aliniambia, "nyumba Dar es Salaam haijapata kushuka bei hata siku moja. Tungoje miaka mitano, tutapata mara mbili."

Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, tena kwa watu wenye akili zao. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikikumbuka mwaka 1971.

Wakati huo baba alikuwa karani wa duka la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Mwezi Aprili mwaka ule serikali ilitangaza kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo karibu 3,000 yalichukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipwa fidia. Tajiri wake baba alikuwa na nyumba nyingine ndogo, isiyofikia kiwango hicho. Akamwita baba akamtajia bei ambayo mwaka mmoja nyuma ingekuwa mzaha. Baba alikuwa na akiba ya kutosha kuanza kulipa. Akakataa. Aliogopa kwamba leo wamechukua za laki moja, kesho watachukua za elfu ishirini. Kila aliyeulizwa mtaani alikuwa na hofu hiyo hiyo, na ndiyo maana bei ilikuwa ya mzaha. Nani basi aseme nyumba haishuki bei? Ilishuka kwa hotuba moja.

Baba alibaki na hii ya Magomeni, aliyoijenga mwaka 1968 kwa shilingi 20,000. Mdogo wangu huitaja hesabu hiyo kwa fahari: elfu ishirini imekuwa milioni mia na themanini! Lakini shilingi ile si hii. Mwaka 1968 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Katikati ya mwaka 1986 ilitoka 17 ikafika 40 kwa mara moja. Mwaka 2000 ilikuwa kama 800. Siku hizi ni kiasi cha 2,500. Fedha ya baba ilikuwa dola 2,800, nayo dola yenyewe imepungua nguvu karibu mara tisa tangu wakati ule. Nilipiga hesabu kwa kalamu nikapata kiasi cha shilingi milioni 63 za leo. Kwa hiyo nyumba yetu imepanda, la hasha sikatai, lakini haikufika hata mara tatu, na hapo sijatoa mabati tuliyoezeka upya mara mbili.

Tena hicho kilichopanda si nyumba. Mteja alisema waziwazi kwamba ataivunja. Anachokitaka ni kiwanja, karibu na Barabara ya Morogoro ambako mabasi ya mwendokasi yanapita tangu Mei 2016. Hapo ndipo historia inapochekesha. Kwa miaka mingi sheria yetu ilisema ardhi tupu haina bei, kinachouzwa ni kile kilichoendelezwa juu yake. Watu wakawa wanauziana msingi na mipapai mitatu, na hati zinasema hivyo, wakati kila mtu anajua kinachonunuliwa ni udongo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyokubali kwamba ardhi yenyewe ina thamani.

Nilimkumbusha mdogo wangu pia jambo alilolishuhudia mwenyewe. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na fedha zikawa adimu hata watu wakasema vyuma vimekaza, wenye nyumba wa Masaki waliozoea kudai kodi ya mwaka mzima kwa dola walianza kupokea ya miezi mitatu, kwa shilingi. Dodoma kodi ilipanda. Vibao vya "nyumba inauzwa" vilining'inia Dar mpaka rangi ikafifia. Mdogo wangu akajibu kwamba bei zilizoandikwa hazikushuka. Kweli, hazikushuka. Kwetu wengi hujenga tofali kwa tofali kwa fedha taslimu. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, na mikopo ya nyumba mpaka leo ni ya wachache. Mwenye nyumba hana benki ya kumnadia mali yake kama ilivyotokea Marekani mwaka 2008, kwa hiyo hapunguzi, anangoja. Bei inakaa palepale na miaka inakwenda. Mimi naihesabu miaka hiyo kuwa ni kushuka. Yeye anaiita subira.

Je, itapanda tena au itashuka? Watu wanaongezeka mjini na ardhi haiongezeki, basi kwa muda mrefu huenda mdogo wangu akawa sahihi. Lakini anayeweza kungoja ni mwenye paa, na yeye anayo nyumba yake Tabata.

Tulipokutana tena nilimwambia: "Mafungu ni matano, yako mawili, yangu mawili, la mwenzetu moja. Ni milioni 36. Kama una hakika bei itakuwa mara mbili, mnunulie fungu lake leo."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema fedha zote zimo dukani. Mwenzetu, ambaye hakuwa amesema neno, aliinuka akaenda kuchukua chai.

Tuliuza mwezi uliofuata, kwa milioni 172, kwa sababu mteja naye alikuwa amejifunza kungoja. Nyumba ilivunjwa kwa siku mbili. Yeye alinunua kiwanja Kibaha, na tofali za msingi zimekwisha kupangwa.