KDE na CMake: ginsi mradi wa programu huria ulibadilisha kapita wake

KDE ni mradi wa programu huria ulioanzishwa mwaka wa 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Unawapa watumiaji wa Linux madirisha, menyu na programu za kila siku, na chini yake iko mkusanyiko mkubwa wa maktaba. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu: ni vipande vya kodi vyenye programu nyingi zinatumia pamoja, ili kila mutu asianze upya.

Kodi yenye mutu anaandika, ordinatere haiiendeshi hivi hivi. Inapaswa kwanza kugeuzwa, kipande kwa kipande, na kwa utaratibu. Kusema nini itangulie na kama vyombo vyote viko, ndiyo kazi ya mfumo wa ujenzi. Ni kama kapita kwenye shantie: yeye hajengi ukuta, lakini akikosekana, watu wanapaka rangi mbele ya kupiga lipu.

Kapita wa KDE alikuwa Autotools. Ilichanganya m4, shell na Perl, na wenye kuielewa walihesabika kwa vidole. Wengine walinakili mafaili ya zamani na kuomba Mungu. Hata kuhamisha kodi toka folda moja hadi ingine kulileta woga. Tena, KDE 4 ilitakiwa ifike kwenye Windows na Mac, na Autotools inategemea vyombo vya Unix.

Mu 2005, kwenye mkutano wa Málaga, Uhispania, wakachagua SCons, iliyoandikwa kwa Python. Hapo mambo yakakwama. Kwa mradi wa ukubwa ule SCons ilihitaji marekebisho mengi, na mzigo huo ukabaki juu ya mabega ya KDE. Ile kazi ikaishia kuzaa Waf, chombo kingine kabisa.

Mwanzoni mwa 2006, Alexander Neundorf akajaribu CMake. Chombo hiki cha kampuni ya Kitware ya Marekani kilizaliwa karibu mwaka wa 2000 juu ya ITK, programu ya picha za mwili wa binadamu kwa utafiti wa waganga. Mbali sana na madirisha ya ordinatere! CMake yenyewe haijengi. Inaandika maagizo yenye vyombo vya kila upande vinaelewa: Makefile kwa Unix, mradi wa Visual Studio kwa Windows. Skripti moja ilisoma mafaili ya Automake na kutoa ya CMake, ingawa kazi ya mkono ilibaki. Na watu wa Kitware walisikiliza: KDE ikikosa kitu, waliongeza. Hiyo ndiyo SCons haikuwapa.

KDE 4.0 ilitoka tarehe 11 Januari 2008. Qt, maktaba yenye KDE inasimama juu yake, ilihamia CMake kwa toleo la 6, Desemba 2020. Kwa Boost, mkusanyiko wa maktaba za C++, tangazo la baraza mu 2017 lilileta mabishano, na mfumo wao wa zamani, B2, haukuachwa.