Mudzi, Mfumu na Boma: Utawala wa Vijiji Dowa na Lilongwe

Mwalimu wa Kiswahili afikapo Lilongwe hukuta kwamba maneno makuu ya utawala wa vijiji si mageni sana masikioni mwake. Wachewa huita kijiji mudzi, nasi twasema mji. Ila mji wetu ulikua ukapata masoko na bandari, na makazi madogo tukayaachia jina la kudunisha, yaani kijiji. Mkuu wa mudzi ni mfumu. Serikali nayo ni boma, na neno hili ni letu hasa.

Wako wanaodai kwamba boma ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza. La hasha! Stanley aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1872, miaka 19 kabla Uingereza haijatangaza himaya yake katika nchi ya Nyasa. Maana yake ilikuwa ni uzio wa kujikinga na adui. Wakoloni walipojenga vituo vyao jina likahamia ofisini, na hata leo Mmalawi atajapo boma huenda akakusudia makao makuu ya wilaya, au serikali nzima.

Kabla ya boma hilo, mudzi wa Kichewa ulisimama juu ya ukoo wa mama. Mjomba aliwalea dada zake na watoto wao, waitwao mbumba, na urithi wa ufumu ulimwendea mpwa, si mwana. Tena kijiji huitwa kwa jina la mfumu wake, na mrithi hulivaa jina lile lile. Mtu hufa, mfumu habadiliki jina.

Yafaa hapa kutazama tarehe. Mwaka 1894 Bunge la Uingereza liliwapa wanavijiji wa huko mabaraza yao ya kuchagua wenyewe. Wakati huo huo, huku Nyasa, watumishi wa Bunge hilo hilo walikuwa wakitoza kodi ya kibanda bila ya kumwuliza mwanakijiji neno. Sheria ya mwaka 1912 iliwafanya wakuu wa vijiji kuwa mikono ya boma, na ile ya mwaka 1933 ikaleta utawala wa kupitia kwa wenyeji. Uhuru ulipatikana mwaka 1964. Lakini Sheria ya Machifu ya mwaka 1967 ikaweka uteuzi wa machifu wakubwa mkononi mwa Rais. Madiwani walichaguliwa mwaka 2000, kisha wananchi wakangoja hadi mwaka 2014 ndipo wakachagua tena. Katika miaka hiyo ya kungoja, ni nani aliyeamua ugomvi wa shamba? Mfumu, bila shaka.

Sasa tuje Dzaleka, katika wilaya hiyo ya Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Zamani za Banda palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, nayo imepita 50,000. Kiswahili ndicho kiungo chao. Mitaa yao ina majina ya kuazima, kama Kawale na Likuni, ambayo ni majina ya sehemu za Lilongwe. Wanao viongozi wao wa kusuluhisha magomvi, lakini hao si mafumu: ardhi si yao kuigawa, wala cheo chao hakirithiwi na mpwa. Juu yao lipo boma tu, na boma hilo ndilo lililoamuru mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiuza maduka mijini warudi kambini.

Mmalawi akiulizwa atokako hutaja mambo matatu: kijiji chake, mfumu wake mkubwa, na wilaya yake. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka mwaka ule wa 1994 amekwisha kupita umri wa miaka 30. Naye, akiulizwa, hulitaja la tatu peke yake: Dowa.