Kuku wa Kilio

Lubumbashi ilizaliwa kwa ajili ya shaba, lakini ramani yake ilichorwa na mbu. Wabelgiji waliianzisha kwa jina la Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1921 wakajenga Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, kusini mwa mji wa Wazungu. Katikati waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita. Hoja yao: mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Mbu mwenyewe hakuulizwa. Mwafrika aliuvuka ukanda huo alfajiri kwenda kazini, akauvuka tena jioni. Nafuga kuku Katuba, mtaa mmojawapo wa Lubumbashi, na kila nikisikia amri mpya ya kuzuia ndege wasikusanywe, huukumbuka ukanda ule.

Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya shaba. Mfanyakazi alipewa posho: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi. Kuku hakuwemo. Kuku walikuwa wa kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, na kwa sababu hawakutoka kwa kampuni, hakuna karani aliyewahesabu. Hawakuchinjwa kwa hamu ya mdomo. Jogoo alimngoja mkwe, au mgeni aliyeshuka kwenye gari la moshi kutoka Kamina bila taarifa, au kilio. Mtu akifa, watu hulala uani kwa wafiwa siku kadhaa, na bukari yao, yaani ugali, inataka kitoweo. Kuku wa kambo alikuwa na kazi moja kubwa: kuwalisha watu waliokusanyika.

Naye mwenyewe hufika mjini kwa kukusanywa. Kuku wa mugini, yaani wa kijijini, hutoka mbali, ndani ya vitunga, kwa reli kutoka kaskazini au nyuma ya baiskeli kwa barabara ya Kasenga, hadi soko la Kenya, mtaa wetu wa jina hilo, si nchi. Hapo wa Kabongo anapumuliana na wa Kashobwe, na jioni wanatawanyika kila mtaa. Ugonjwa hauhitaji njia nyingine.

Wataalamu wanauita Newcastle, kwa mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipotambuliwa kisiwani Java. Miaka ya 1930 ulikuwa umeandikwa nchini Kenya. Watanzania husema mdondo au kideri. Kambo alisema tu "ugonjwa wa kuku", na kila mtu alijua ni upi: kinyesi cha kijani, mabawa yaliyolegea, shingo inayojipinda hadi kuku anatazama mbingu. Hupenda kuja mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, joto likipanda na mvua haijafika. Kambo aliwanywesha maji ya pilipili, na sikumwona hata kuku mmoja aliyeponywa nayo. Dawa yake ya kweli ilitangulia ugonjwa. Tangu Juni aliwagawa: tetea wawili kwa dada yake Ruashi, mmoja kwa mke wa mjomba Kampemba, jogoo kwa jirani wa zamani aliyehamia Kenya. Aliyetunza alibaki na nusu ya vifaranga. Uwanja mmoja ukifagiwa, mbegu ilibaki kwingine. Hakuna daktari wa mifugo aliyemfundisha hayo.

Lakini nisimpambe. Yeye yule, alipoona kuku wa kwanza anasinzia, aliwafunga miguu waliobaki wazima na kuwapeleka sokoni kabla jua halijawa kali. Kila mfugaji alifanya hivyo, na hivyo ndivyo ugonjwa ulivyosafiri. Anayewaita wajinga hajawahi kuwa na mali yote inayoweza kufa kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Mwaka 1986 Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1994 zilikuwa tani 30,000 hivi. Mishahara ikakoma, posho ikakoma, na nyua za Lubumbashi zikajaa mabanda ya mabati na nyavu za vitanda. Watu waliokuwa na cheo kazini walijifunza kuatamisha mayai. Kuku wa akiba sasa alikuwa karo na dawa ya homa.

Homa ya ndege ilikuja kwetu kama habari kwanza. Mwaka 2006 ilifika Nigeria, na nchi nyingi za Afrika zikafunga milango kwa kuku wa nje. Mwaka 2017 aina ya H5N8 iliua ndege Ituri, upande mwingine wa Kongo yetu, kando ya Ziwa Albert, na mwaka huohuo ikaingia Afrika Kusini, ambako serikali ilipiga marufuku kuuza kuku hai. Amri ya namna hiyo inaeleweka kwa mwenye kuku 50,000 ndani ya uzio. Kwetu, kuuzwa hai ndiko kuuzwa kwenyewe: mama hanunui kuku ambaye hajampuliza manyoya kifuani aone mafuta.

Kilichotugusa kwa mkono hakikuwa ugonjwa wa ndege hata kidogo, kilikuwa Korona. Machi 18, 2020 Rais Tshisekedi alizuia mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na vilio vya nyumbani vikakatazwa. Maiti iende moja kwa moja kaburini. Gavana Jacques Kyabula akafunga mkoa wetu wa Haut-Katanga kwa saa 48, Machi 23 na 24. Mipaka ikafungwa kwa abiria, malori ya mizigo yakaendelea. Angalieni amri hizo zilivyotupata: mama aliyezoea kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na trei za mayai ya Zambia kichwani alibaki upande huu, lori lilipita. Na kuku wetu wa kienyeji, ambaye bei yake ilisimama juu ya harusi na vilio, hakuwa na wa kumnunua. Kuku walikula mahindi tuliyoyahitaji wenyewe. Baadhi yetu tuliwachinja na kuwakausha juu ya moshi kama samaki, jambo ambalo kambo angelicheka.

Chanjo ya Newcastle ipo, na ni ya bei ndogo. Tanzania hutengeneza ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine nyingi; inatiwa tone moja jichoni. Shida yake ni chupa. Imepimwa kwa mamia ya kuku, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haikai. Mimi nina kumi na mmoja. Kwa hiyo Agosti tunachanga, nyumba baada ya nyumba katika avenyu yetu, na mchanjaji akija kila mmoja anatoka na kitunga chake, tunapanga foleni uwanjani kwangu, kuku wa watu wote mahali pamoja.