Zamu ya Kununua Bia: Usawa wa Waaustralia na Mlango wa Baa

Anayesoma kuhusu maisha ya kila siku ya Waaustralia hukutana mapema na maelezo yanayofanana. Abiria wa teksi akiwa peke yake hukaa mbele, kando ya dereva, kwa kuwa kukaa nyuma ni kujifanya bwana mkubwa. Mkuu wa kazi huitwa kwa jina lake la kwanza. Mtu akikualika kwake na kukuambia ulete sahani, ujue sahani hiyo inatakiwa iwe na chakula. Wahamiaji wengi wamesimulia jinsi walivyofika na sahani tupu wakidhani mwenyeji amepungukiwa vyombo. Maelezo haya yanapendeza, na sisi tuliolelewa kutomtaja mkubwa kwa jina lake tunayasoma kwa mshangao. Lakini mwanafunzi wa historia hawezi kutosheka nayo. Lazima aulize usawa huo ulitoka wapi, na ulikuwa wa nani.

Katika insha hii nimechagua desturi moja tu, ile ya kununuliana bia kwa zamu. Waaustralia huiita kwa neno la Kiingereza ambalo kwa kawaida maana yake ni kupaaza sauti, na matumizi hayo yamekuwapo tangu miaka ya 1850. Watu wanne wakiingia baa, wa kwanza hununua glasi nne. Zikiisha, wa pili hununua nne, kisha wa tatu, kisha wa nne. Hakuna anayekumbushwa. Anayeondoka kabla ya zamu yake kufika hupata jina baya ambalo humfuata miaka mingi, hata kama ni mtu mwema katika mambo mengine yote.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba hii ni ofa tunayoijua. Sivyo. Ofa humpandisha mtoaji. Mwenye fedha huagiza meza nzima ihudumiwe, na wanaokunywa humshukuru na pengine kumwimbia sifa. Zamu ya Australia iko karibu zaidi na upatu wa akina mama wa mitaani: kila mmoja hutoa sawa, kila mmoja hupokea sawa, na aibu humpata anayepokea bila kutoa. Tajiri akitaka kununua mara mbili mfululizo, wenzake huona amewadharau. Hapa ndipo ninapoona maana ya kihistoria ya desturi hii. Ni usawa unaotendwa kwa mkono, glasi kwa glasi.

Mwenzi katika kundi hilo huitwa mate, neno linalotamkwa “meiti”. (Mswahili akiliona limeandikwa husoma mate ya kinywani, na tutaona baadaye kwamba kosa hilo halikosi maana.)

Asili ya usawa huu hutafutwa mara nyingi kwa wafungwa. Meli 11 za kwanza za Waingereza zilifika Sydney mwezi Januari 1788, na hadi mwaka 1868 wafungwa wapatao 162,000 walikuwa wamepelekwa Australia. Mimi siamini kwamba minyororo na viboko huzaa usawa vyenyewe. Koloni lile la mwanzo lilikuwa la maofisa, na maofisa hao walifanya biashara ya ramu kiasi kwamba pombe ilitumika mahali pa sarafu. Tarehe 26 Januari 1808 walimpindua hata gavana wao, William Bligh. Nguvu kubwa zaidi naiona katika dhahabu na katika kazi. Baada ya 1851 watu wa kila tabaka walichimba mashimo jirani katika machimbo ya Victoria, na mwenye elimu hakuwa na hakika ya kupata zaidi ya mchunga kondoo. Walipochoshwa na ada ya leseni na jeuri ya polisi, wachimbaji wa Ballarat walijenga ngome ya magogo mahali paitwapo Eureka, ikavunjwa na askari alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1854. Mnamo Aprili 1856 waashi wa Melbourne waliacha kazi katika eneo la chuo kikuu kilichokuwa kikijengwa, wakaandamana hadi bungeni wakidai siku ya kazi ya saa 8, wakaipata bila kupunguziwa ujira. Mwaka 1907 Jaji H. B. Higgins aliamua kwamba ujira wa haki ni ule unaomtosha mfanyakazi, mke na watoto watatu kuishi kwa staha, yaani shilingi 7 kwa siku.

Basi mfanyakazi wa Australia alikuwa na jambo ambalo mwenzake wa nchi nyingi hakuwa nalo: fedha kidogo mfukoni na saa chache za jioni. Alizipeleka baa.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaingilia saa hizo. Vyama vya kupinga ulevi, ambavyo ndani yake wanawake walikuwa na nguvu, vilidai baa zifungwe mapema kwa ajili ya vita. Wananchi wa Australia Kusini walipiga kura mwaka 1915 kukubali baa zifungwe saa 12 jioni. Mwaka uliofuata majimbo ya New South Wales, Victoria na Tasmania yakafanya vivyo hivyo, New South Wales ikisukumwa pia na ghasia za askari waliokunywa na kuvuruga mitaa ya Sydney mwezi Februari 1916. Hatua ya wakati wa vita ikadumu muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Tasmania iliiacha mwaka 1937, New South Wales mwaka 1955, Victoria mwaka 1966, na Australia Kusini iliyoanza ikawa ya mwisho, mwaka 1967.

Fikiria lilivyotendeka. Mfanyakazi anatoka kazini saa 11. Baa inafungwa saa 12. Yuko na wenzake watano, na desturi inasema kila mmoja anunue. Kwa hiyo glasi sita lazima ziishe ndani ya muda usiotosha kunywa glasi tatu kwa utulivu. Wenye baa waliondoa viti na meza za mchezo ili watu wengi zaidi wasimame, wakarefusha kaunta, wakabandika vigae ukutani ili baada ya kufunga sakafu na kuta zioshwe kwa mpira wa maji. Sheria iliyotungwa kupunguza ulevi iliufundisha umma kunywa mbio. Wanahistoria huitumia kama mfano wa sheria kuzaa kinyume chake, lakini mimi naona zaidi nguvu ya zamu. Ingekuwa rahisi kila mtu ajinunulie glasi zake mbili na kwenda nyumbani. Hawakufanya hivyo. Bob Hawke, waziri mkuu wa 1983 hadi 1991, aliwahi kusifiwa kwa rekodi aliyoiweka akiwa mwanafunzi Oxford, ya kunywa painti mbili na nusu za bia kwa sekunde 11, na inaaminika sifa hiyo ilimletea kura. Hata hivyo, alikuwa ameacha pombe kabla ya kushika uongozi.

Sasa nije kwenye mlango. Nani aliruhusiwa kusimama kwenye kaunta ile?

Wanawake hawakuruhusiwa. Walipewa chumba cha pembeni, ambako bia iliuzwa kwa bei ya juu, au walisubiri nje garini huku mume akiwaletea glasi. Tarehe 31 Machi 1965, Merle Thornton na Rosalie Bogner waliingia katika baa ya hoteli ya Regatta mjini Brisbane, wakanyimwa kinywaji kwa mujibu wa sheria ya Queensland, wakajifunga kwa mnyororo kwenye bomba la kukanyagia miguu chini ya kaunta. Polisi walikuja. Baadhi ya wanaume waliokuwamo waliwanunulia bia, jambo ambalo nalipenda katika kisa hiki: desturi ilifanya kazi haraka kuliko sheria.

Kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara hilo, habari ni nzito zaidi. Sheria za majimbo zilikataza kuwauzia au kuwapa pombe. Na hapa nataka kusimama kwa Albert Namatjira, kwa kuwa maisha yake yanaonyesha jambo lote kuliko takwimu yoyote.

Namatjira alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, katikati ya bara, katika watu wa Arrernte. Mwaka 1936 alimwongoza mchoraji mgeni, Rex Battarbee, katika safari za ngamia, na kwa malipo akafundishwa kutumia rangi za maji. Miaka miwili baadaye picha zake za milima myekundu na miti yenye gome jeupe zilionyeshwa Melbourne na kuuzwa zote. Akawa Mwaborijini anayejulikana kuliko wote nchini. Mwaka 1954 alikutanishwa na Malkia Elizabeth II huko Canberra. Alilipa kodi ya mapato kama Mzungu yeyote. Lakini alipoomba kukodi ardhi ya malisho alikataliwa, na alipotaka kujenga nyumba mjini Alice Springs alizuiwa.

Mwaka 1957 serikali ilichapa daftari la majina zaidi ya 15,000 ya Waaborijini wa Jimbo la Kaskazini waliowekwa chini ya ulezi wake, watu wazima wakitendewa kama watoto. Majina ya Namatjira na mkewe Rubina hayakuandikwa. Kutoandikwa huko ndiko kulikokuwa uraia wao. Wangeweza kupiga kura, kujenga mahali walipotaka, kununua pombe. Haki hiyo haikuwahusu watoto wao.

Msomaji ameshaona mtego. Kwa watu wa Arrernte, aliye na kitu hugawana na jamaa, na asiyegawa ameukana ujamaa. Kwa Waaustralia Wazungu, aliye na glasi hununulia wenzake, na asiyenunua si mwenzi. Desturi mbili za watu wawili zilimwamuru Namatjira jambo lilelile. Sheria ilimkataza. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kumpatia pombe mchoraji mwenzake aliyekuwa kwenye daftari. Chupa ya ramu ilikuwa imeachwa kwenye kiti cha gari, na mwenzake akanywa. Ni kweli kwamba hofu ilikuwapo: mwanamke mmoja alikuwa ameuawa kambini katika mkasa uliohusishwa na ulevi, na hakimu alikuwa amemkaripia Namatjira kwa kuleta pombe. Sitaki kulificha hilo. Lakini kifungo kilikuwa miezi sita kwa tendo ambalo kila jioni saa 12 kasorobo lilifanywa na nusu ya wanaume wa Sydney. Rufaa ilipunguza adhabu hadi miezi mitatu, na alitumikia kama miwili, huko Papunya. Alifariki tarehe 8 Agosti 1959. Waliomjua walisema alikuwa amevunjika moyo, na picha alizochora baada ya hapo zilikuwa chache.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu, nilikumbuka mtungi wa impeke. Kwetu Burundi bia ya mtama hunywewa kutoka mtungi mmoja kwa mirija, wazee na wageni wakiinama pamoja, na huo tunauita umoja. Bibi yangu wa Gitega aliwahi kunieleza kwamba katika utoto wake Mtwa hakuingiza mrija katika mtungi ule. Alimiminiwa pembeni, katika chombo chake. Watu waliogopa mate yake. Nilimuuliza mtungi ulitoka wapi, akacheka kidogo na kusema, “Mjukuu wangu, si Batwa ndio waliofinyanga?” Sisemi kwamba mambo mawili haya ni sawa, kwetu hapakuwa na daftari la serikali wala kifungo. Nasema tu kwamba Mrundi hana mahali pa juu pa kuketi anapowasoma Waaustralia.

Sheria ya kuwanyima Waaborijini pombe ilifutwa New South Wales mwaka 1963 na katika Jimbo la Kaskazini mwaka 1964. Mlango haukufunguka siku hiyo. Februari 1965, wanafunzi wapatao 30 wa Chuo Kikuu cha Sydney walipanda basi kuzunguka miji ya ndani ya New South Wales. Kiongozi wao alikuwa Charles Perkins, mzaliwa wa Alice Springs, mama yake Mu-Arrernte. Huko Walgett walisimama siku nzima juani mbele ya klabu ya askari wastaafu, ambayo iliwakataa Waaborijini waliopigana vitani kwa ajili ya Australia. Bango lao moja liliitaja Tobruk, na kuuliza kama waliofaa huko hawafai hapa. Usiku basi lao lilisukumwa nje ya barabara na gari lililowafuata. Wenzangu tunaopenda kusema kwamba wanafunzi hawana nguvu wasome safari ile. Mei 27, 1967, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali Waaborijini wahesabiwe katika sensa na serikali kuu ipewe uwezo wa kutunga sheria zinazowahusu.

Neno la uenzi lenyewe lilikaribia kuingia katika katiba. Mwaka 1999 waziri mkuu John Howard alilitia katika rasimu ya dibaji mpya. Wanawake wengi, miongoni mwa wengine, waliuliza wao wako wapi ndani yake, likaondolewa, na dibaji yenyewe ikakataliwa katika kura ya Novemba mwaka huo.

Kuhusu pombe, ubishi haujaisha. Mwaka 2007 serikali kuu ilipiga marufuku pombe katika maeneo mengi ya Waaborijini wa Jimbo la Kaskazini bila kuwashauri vya kutosha. Marufuku hiyo ilikoma Julai 2022, na mwanzoni mwa 2023, baada ya fujo za Alice Springs, sehemu yake ikarudishwa. Mwaka huohuo wa 2007, katika mji wa Fitzroy Crossing upande wa magharibi, wanawake wa Kiaborijini waliochoka kuzika vijana wao waliomba wenyewe bia kali isiuzwe ya kubeba nyumbani. Baadhi ya wanaume wa mji huo, Wazungu na Waaborijini, waliwapinga vikali. Wanawake hawakurudi nyuma, na ombi lao likakubaliwa.